Sen

Nung, song, sam.
Nilizisoma nikipepeta mchele,
nikazisoma juu ya baiskeli, njia nzima ya Mkuti,
hadi Asumini wangu akauliza:
mama, unagombana na nani?

Daftari lilikuwa mgongo wa kadi ya kliniki.
Nne ni si. Hapo niligoma.
Kwetu si ni kukana,
utahesabuje mali kwa kukana?
Tano ni ha, kama aliyemwagiwa maji ya kisima.
Kumi ni sip, midomo inafungwa
kama umebanwa useme ya jirani, hutaki.

Mwalimu wangu Ligola, mfuaji wa gesti,
miaka miwili akiwafulia Wathai mashati
kwa ujira wa nusu fedha, nusu maneno.
Kila neno aliniuzia kwa kikombe cha uji.
Ishirini, nikabahatisha, ni song-sip?
Hapana. Yi-sip.
Kwa nini?
"Na wewe, kwa nini husemi makumi mawili?"
Nikamwongeza uji.
Alinifikisha pan, yaani elfu, akaishia hapo.
Hesabu ya mashati, alisema, haivuki.

Jiwe lilitoka Lumesule,
bluu ile ile ya kusuuzia mashati meupe,
halikuzidi punje ya kunde.
Kaka yangu Chitanda alilifunga kwa karatasi ya sigara
akanikabidhi mimi,
maana aliapa hakanyagi tena chumba namba sita.
Mwaka jana walimtajia senti.
Senti mbili, kwa jiwe lililomng'oa ukucha!
Akatoka bila kuaga,
akamwachia dalali wa stendi
kwa elfu thelathini na tochi.

Namba sita: feni, kibano,
mzani mdogo kama wa kupimia pumzi.
Prasert, mkubwa wao, akaligeuza dirishani,
akaligeuza tena,
akamnong'oneza mwenzake: sam sen.

Damu ikanipanda.
Senti zile zile! Sasa tatu!
Kiti kikaanguka nyuma yangu.
"Si senti! Hili jiwe, baba, si senti!"

Akanitazama.
"Si sen?"
"Si senti!"
Akashika kichwa kama aliyefungwa bao dakika ya mwisho,
akacheka, akavuta begi uvunguni.

Noti za elfu kumi, mpya, zinanatana.
Akaziweka moja moja,
nung, song, sam,
midomo yangu ikimfuata bila ruhusa,
sip, sip-et,
yi-sip akaipita hata hakusita,
na si zote nilizozigomea zikaja,
hadi si-sip.
Arobaini.
Laki nne.

Nilikuwa nimeshavuka korosho za misheni
ndipo nikashuka kwenye baiskeli,
kama aliyekumbuka sufuria motoni.
Sen ni laki.
Sam sen, laki tatu.
Na song sen ya mwaka jana,
aliyoitoka Chitanda bila kuaga?

Nilimkuta kizingitini anamenya muhogo,
ile tochi imelala pembeni, haina betri.
"Walitaja tena zile senti zao?"
"Walitaja," nikasema.
Nikamwekea noti mapajani,
nikaenda kubandika uji.