Nakala ya Kaboni

Mia mbili na kumi na mbili.
Aliwahesabu mara mbili, akichora kwa kijiti kwenye tope,
huku mpunga wangu ukitafunwa mbele ya macho yetu,
mpunga uliokwisha kuanza kuinamisha shingo.

Konstebo Ambakisye, miaka ishirini na mitatu,
katolewa Rungwe kwenye mvua, kaletwa Usangu kwenye vumbi,
viatu vya serikali vimemzidi kidole.

Tulimwonya. Hawa ni wa Mkemwa.
Mkemwa ndiye aliyekiezeka kituo chako hicho.
Mkemwa akipiga chafya, Rujewa nzima inatafuta leso.
Akauliza tu, "Mpunga ni wa nani?"
Nikajikuta nimenyoosha mkono kama mtoto wa darasa la pili.

Akawaswaga hadi uwanja wa shule,
yeye, mgambo mmoja, na fimbo ya kuazima.

Usiku ng'ombe walilia. Sijui kama umewahi kulala
jirani na kiu ya ng'ombe mia mbili.
Nilitoka na hasira zangu, nikamkuta
kavua shati la kazi, kalitundika golini,
anachota maji ya mfereji kwa ndoo,
anawapa pole kwa Kinyakyusa.
"Hawa hawana kosa, mama. Hawajui mpaka."

Asubuhi Mkemwa akaja na magari mawili.
Hakushuka. Aliteremsha kioo nusu,
akatoa simu, na ndani ya simu jina zito
(sitalitaja, nina watoto wadogo).
"Mkubwa wako huyu. Ongea naye."

Ambakisye akasikiliza. Sikio likamwiva kama nyanya.
"Ndiyo, afande.
Naomba iandikwe, afande."
Akairudisha simu kwa mikono miwili, kama alivyolelewa,
akafungua kitabu cha stakabadhi juu ya boneti ya Mkemwa,
boneti bado ya moto,
akaandika.
Magoti yalimcheza, suruali ikapepea bila upepo.
Mwandiko ulinyooka.

Mkemwa akalipa. Noti alizidondosha dirishani
moja moja, ili ziokotwe.
Konstebo hakuinama. Nami, mwenye njaa, sikuinama.
Tukasubiri.
Upepo ukaanza kuzisogeza kuelekea mfereji,
ndipo dereva, masikini, akaruka nje
akizikimbiza kwa magoti.

Wiki ya pili alihamishwa. Makete, wanasema,
kwenye baridi, ambako jogoo huwika akiwa jikoni.
Kituo kipo, chini ya bati zilezile.
Kitabu chake, ukurasa ule umeliwa na panya,
panya wa ajabu, waliochagua ukurasa mmoja.

Mimi nina nakala ya kaboni,
buluu, imefifia, ndani ya debe la mbegu.
Kila msimu naikung'uta, naisoma kwa kidole:
ng'ombe 212. Mmiliki. Sahihi.

Mwaka huu wachungaji walisimama kwenye tuta langu,
wakaita, "Hodi, mama, njia iko wapi?"
Nikawaonyesha. Ni mbali kidogo.
Walizunguka.