Giki

Mabela, saa nane mchana, kiyoyozi kinakohoa.
Nimeifungua ruta juu ya sinia la halwa,
skrubu nazipanga kwenye kifuniko cha buli.
Binamu Mundhir kapita, kasema, "Giki huyo!"

Bibi Zuwena kashusha miwani:
"Giki ndiyo nini? Tusi?"

Nikamweleza nilivyosoma:
neno lilianza mbali, kwenye nchi za baridi,
maana yake mpumbavu, juha wa mtaa.
Kisha likaingia kwenye sarakasi,
akabandikwa mlevi mmoja ambaye kazi yake
ni kukata shingo ya kuku hai kwa meno,
nao watu hulipa watazame.
Siku hizi ndiye mimi.

Bibi kacheka hata ushungi ukamvuka.
"Wewe? Uliyemlilia jogoo wa Idi?"

Akanyamaza. Akaokota skrubu moja
iliyobingirikia chini ya mkeka.
"Kwetu Unguja mtoto wa namna yako
tukimwita mtundu.
Kila penye tundu, kidole chake kimo.
Redio ya baba yangu niliifungua mimi.
Nikachapwa. Haijafungika hadi leo."

Nikataka kumuuliza:
mtundu limetoka kweli kwenye tundu,
au ni masikio yetu tu?
Na tundu si ndimo alalamo kuku?

Lakini taa ya ruta imewaka kijani,
na Bibi keshanipokonya bisibisi,
kainama, pua karibu iguse waya:
"Ngoja. Hapa pana jingine."