Tundu la Nane

Ruta ya zahanati ya Ushguli imekaa juu ya kabati la sindano,
vumbi mgongoni, taa zikipepesa.
Matundu manane, yote yana mdomo.
Eteri amepanda milima ya Svaneti saa sita nzima,
anavua glavu kwa meno,
ananusa plastiki iliyopata joto
kama anayenusa maziwa kabla ya kuyabandika jikoni.

Kebo ya manjano: kwa daktari.
Ya kijivu: mashine ya moyo.
Ile fupi ya bluu, iliyotafunwa na panya
ikafungwa plasta ya vidonda:
mapokezi, Mungu akipenda.

Ya nane ni nyeusi.
Inaingia ukutani bila kuaga.
Shingoni ina kikaratasi, herufi za duara za Murmani,
fundi wa kabla yake, aliyezikwa Machi:
USICHOMOE.
Sababu hakuandika.

Ofisi ya Zugdidi imesema:
kisichokuwa kwenye orodha king'olewe.
Orodha ina saba.

Anabonyeza kishikizo kwa ukucha.
Tk.
Taa ya nane imekufa.
Kimya kingi kina mshindo mkuu;
hiki hakina hata kikohozi.
Mashine ya moyo inaendelea kuchora vilima vyake.
Angeweza kufunga mkoba, akanywe chai.

Lakini mkono wa fundi hauupendi waya usio na mwisho.
Anaufuata: juu ya dari, nyuma ya dohani,
nje, kwenye tundu lililozibwa kwa sufu
(mtundu huyu marehemu, kutoboa ukuta wa serikali!),
kando ya mnara wa mawe, kisha chini ya theluji,
akiuvuta kidogo kidogo kama uzi wa pindo,
mpaka kizingiti cha Makvala.

Bibi ana miaka themanini na moja.
Hana kompyuta. Simu yake ina vitufe vinne vilivyobaki.
Dirishani kuna kisanduku, ukubwa wa sabuni,
na bibi amekiinamia, koti mwilini, kiatu kimoja mguuni.
“Imezimika,” anasema. “Wamefunga?”

Hakuna neno lililowahi kupita humo,
hata picha, hata salamu.
Taa tu, kijani, kama punje ya dengu.
Murmani aliileta baada ya usiku ule
Bezhani alipobebwa kwa mbao hadi mlango wenye kufuli.
“Ikiwaka, kuna mtu macho kule.
Naiona, nalala.”

Eteri anarudi akikanyaga nyayo zake mwenyewe.
Anapuliza tundu. Anasukuma.
Tk.
Anasubiri. Ruta haina haraka, inajiuliza kwanza.
Halafu punje.

Kwenye orodha anaongeza mstari: nane, dirisha.
Zugdidi wataniuliza, anajua. Waulize.
Kisha kalamu, imeganda, anaipasha kwapani,
na chini ya mwandiko wa marehemu anaandika:
Nimefika mwisho wake. Usichomoe.