Komeo

Mlango wa uani una komeo la chuma,
hulifungui kimyakimya.
Nimelisikia saa nne, saa sita kasoro,
saa saba, saa nane na nusu,
na alfajiri, jogoo wa kwa Mkwinda
akiwa bado hajajiamini.

Mume wangu ni mpima korosho wa chama cha msingi,
mtu asiyekosea hata robo kilo,
lakini hajui ametoka mara ngapi.
Mimi najua.

"Baridi ya Newala," alisema Juni,
na kweli ukungu ulikuwa unaingia hadi blanketini.
Juni ikaisha. "Chai hiyo."
Tukaacha chai ya usiku.
"Basi umri."
Hapo nikanyamaza,
maana shemeji yake wa Masasi alilikumbatia neno hilo, umri,
hadi siku mkojo ulipogoma kabisa
wakambeba anapiga kelele, tumbo gumu kama dumu.
Ilikuwa tezi.

Somoe wa jirani naye alikimbia hivihivi:
matone mawili, moto, matone mawili.
Wakampima, akapewa vidonge, akapona.
Binti yake, ah, yule ilikuwa mimba.
Choo ni kimoja,
kila mtu na lililompeleka.

Ila kwangu kuna kiu.
Huku kwetu maji yana bei,
lori likichelewa tunanawa uso kwa kiganja kimoja.
Yeye anakunywa nusu ndoo, anamwaga nusu ndoo,
kama kibarua anayemwagilia shamba asilolijua.
Mkanda wake nimeutoboa tundu la pili
kwa msumari wa moto.
Na juzi, nyuma ya choo,
pale anapokosa shabaha gizani,
sisimizi:
mstari mrefu, wenye adabu,
kama wakulima siku ya malipo.

Nikamwita aone. Akaona. "Si kitu."
Nikamwuliza: gunia likipungua ghalani
na halijatoboka,
huwa unaandika "si kitu"?

Hospitali, nesi aliuliza bila kuinamisha macho.
Unaungua ukikojoa? Umeona damu?
Homa? Maumivu ubavuni?
Unatoka wenyewe au unaukamua?
Miguu inakufa ganzi? Tangu lini?
"Siku chache," akajibu mume wangu.
Nikafungua pindo la kanga,
nikatoa stakabadhi ya msimu uliopita;
nyuma yake, kwa kalamu ya mtoto,
wiki kumi na moja, usiku kwa usiku.

Tone la damu kidoleni.
Kimashine kikafikiri kidogo,
kikatoa namba.
Sukari.
Aliitazama anavyoutazama mzani wa mtu mwingine,
kwa shaka,
kisha akaomba kalamu, akaiandika mwenyewe.

Somoe ananishauri nilipake komeo mafuta,
nilale sasa, dawa zimeanza.
Jana lililia mara mbili tu.
Sitalipaka.
Acha lilie, nisikie.