Kizamacho

Mama alinifundisha kuosha mchele
kabla sijajua kusoma:
maji yajae, bakuli lizunguke,
mkono utikise kama unabembeleza mtoto asiye wako,
mchele uinuke, uvukie bakuli la pili,
na kinachobaki chini, changarawe, chuma, mchanga wa gunia,
"Mwaga," akasema. "Kizamacho si chakula."

Miaka arobaini baadaye
nimechutama nyuma ya duka la Shekuwe sonara,
kichochoro cha Langoni kisichopitisha punda wawili,
kifuu cha nazi mkononi,
nafanya yale yale kinyumenyume.
Mchele wangu sasa ni tope la mtaro:
mavi ya punda, majivu, magamba ya samaki,
povu la walioogea Ijumaa.
Hivyo vyote vyepesi. Navimwaga.
Kizamacho nakitazama.

Kwanza huja mchanga mweusi,
mzito, mkaidi, umeng'ang'ania kifuu kama deni.
Hapo mwenye pupa ndipo hupotea:
hutikisa mara moja zaidi
na riziki ya wiki hurudi mtaroni.
Mimi hukilaza kifuu kidogo, hivi,
maji yarudi nyuma kama mgeni aliyekosea mlango,
na pale ukingoni, ukijaliwa,
chembe.
Yai la chawa ni kubwa kuliko hiyo.
Wala haimeti kama wasemavyo. Ni ya manjano tu,
manjano ya bizari iliyosahauliwa chini ya kucha.

Ya nani?
Tupa ya Shekuwe imekula bangili za mji mzima.
Pete ya bi harusi aliyenenepa kabla ya fungate kwisha.
Mkufu uliokatwa katikati, dada wawili waliporithi.
Herufi ya mume ikifutwa kwa msasa,
taratibu, siku ya tatu baada ya talaka.
Vumbi lile huangukia jamvi, ndevu, kanzu;
ufagio hauna macho;
maji ya udhu ya alasiri hulisukuma hadi kwangu.

Shekuwe alipojua, alitoka mbio,
kioo cha kukuzia kingali kimebanwa jichoni.
"Mwanakombo, hiyo ni dhahabu yangu."
"Na mavi ya punda? Ni yako pia? Anza na hayo."
Vijana wa barazani wakacheka hadi karata zikawadondoka.

Lakini usiku ule sikulala.
Asubuhi nikaenda kwa Maalim Famau
kuuliza hukumu ya cha kuokota.
Akakuna kidevu: "Kitangaze mwaka mzima."
Basi kila Ijumaa nikasimama pembeni mwa soko:
"Nani kapoteza chembe?
Ukubwa wake, nusu ya ufuta. Alama yake, haina."

Mwaka ukapita. Alikuja mmoja tu,
Bibiye wa Mkomani, ushungi umeshuka hadi puani.
Akanishika mkono, akanong'ona:
"Ukiona yenye herufi R, usiniletee."
Nikamwambia vumbi halina herufi.
Akasema, "Alhamdulillahi,"
akaenda zake kununua mbaazi.

Miaka mitatu, chupa ya dawa ya macho,
robo tola kasoro.
Nimuuzie nani, kama si yeye?
Shekuwe alipoiweka mizanini
tulibana pumzi sote wawili, maadui,
maana hata pumzi ina uzito pale.
Akalipa. Akapunja kidogo, nikaona, nikanyamaza;
na mimi sikumwambia kuwa jamvi lake limetoboka.

Nikamlipia Khuleita ada ya muhula,
nikanunua gunia la mchele.
Jioni nikauosha. Maji, bakuli, mkono.
Chini zikabaki changarawe tatu, msumari mdogo
na kitu cheusi nisichokijua.
"Mama, mwaga," akasema Khuleita, njaa imemshika.
Nikasogea kwenye taa kwanza.
Kisha nikamwaga.

Msumari niliuweka.