Sekunde Kumi na Moja

Bi Lamara Gvelesiani hakuwahi kumiliki gari.
Hilo walimtupia usoni mkutano baada ya mkutano:
asiye na gari atajuaje adha ya foleni?
Naye, akipapasa mezani miwani iliyokuwa kichwani,
huwajibu: "Na mkunga, je, lazima awe na mimba?"

Nilikuwa msaidizi wake miaka sita,
Tbilisi, ghorofa ya nne, lifti mbovu,
mafaili yananuka mvua.
Kazi yangu ya kwanza ilikuwa jedwali la wizara,
Thamani ya Dakika.
Dakika ya mwenye gari, bei kamili.
Dakika ya karani ndani ya basi, nusu yake.
Dakika ya mstaafu aliyesimama kituoni, sifuri,
kwa kuwa hazalishi, ilisema tanbihi.

Nikanakili. Akanirudishia karatasi.
"Sifuri hii umeiona wapi?"
"Kwenye mwongozo."
"Vaa koti."

Tukateremka hadi njia panda ya Saburtalo.
Januari, upepo unakata masikio.
Akanipa saa ya kupimia mbio,
akanionyesha bibi mmoja na mfuko wake wa viazi:
taa ya kijani ilimfikisha katikati tu,
magari yakampita huku na huku
kama maji yapitavyo jiwe.
"Andika," akasema. "Andika pale alipo."

Tangu siku ile hesabu zetu hazikumfurahisha mtu.
Sifuri ikishakuwa moja
daraja la magari linakula hasara,
basi la umeme linalipa,
hata kivuli cha mti wa kando ya njia kinalipa;
na waziri (mawaziri, niseme kweli, niliwahesabu tisa)
akairudisha ripoti na salamu, utepe haujafunguliwa.
Gazeti likamwita adui wa maendeleo.
Mpwawe, mwuza magari yaliyotumika,
aliacha kumwalika Krismasi,
kisha akamwalika,
kisha akaacha tena.

Sitasema alishinda.
Barabara ya ukingo wa mto ina njia sita leo,
na usiku sahani zake hulia kabatini.

Ila mwaka aliostaafu, fundi wa taa aitwaye Malkhazi,
asiyesoma ripoti yetu hata moja
lakini aliyewahi kutuona kwenye theluji na saa mkononi,
alifungua kisanduku cha nguzo, akazungusha bisibisi,
akawaongezea waendao kwa miguu sekunde kumi na moja.
Kibali hakuomba.

Jana nilimpeleka pale. Ana mkongojo sasa, ana pensheni;
dakika yake, kwa mwongozo ule ule, ni sifuri.
Kijani ikawaka. Tukavuka polepole.
Katikati akasimama, makusudi,
akapapasa mifuko, akapapasa kichwa,
akaipata miwani, akaitazama taa.
"Bado nne," akasema.
"Nimerudishiwa chenji."