Filimbi

Filimbi ilikwenda na maji mwaka ule wa mafuriko,
pamoja na koni sita, godoro la mama Sikitu
na goli letu moja la mabomba.
Goli tulilikuta Jangwani, limekumbatia takataka.
Filimbi hatukuiona.

Kocha Siwajibu akasema, basi.
Nyingine sinunui.
Atakayecheza rafu anyooshe mkono mwenyewe.

Tulicheka. Wasichana kumi na watatu wa Kigogo,
tuliozoea kusingiziwa hadi tukajua kusingizia,
leo tujishtaki?
Wiki ya kwanza hakunyoosha mtu.
Chausiku alitoka na jino lake kiganjani
na bado kila mmoja alitazama mawingu.
Kocha amekaa juu ya ndoo, anamenya chungwa,
ukimlalamikia hajibu. Jina lilimtosha.

Wiki ya tatu Getruda alinyoosha,
nusu tu, kama mtu anayejikuna kwapa.
Mpira ukasimama.
Sijawahi kusikia uwanja umenyamaza vile;
hata malori ya mchanga, nadhani, yalizima.

Ndipo ikaja fainali na Buguruni. Zawadi mbuzi,
beberu mweusi, kafungwa kwenye nguzo ya umeme,
anatafuna kamba yake.
Mbili kwa mbili.
Jua limeshuka usawa wa macho, hakuna anayeona.
Mpira ulipaa, ukanigusa hapa,
chini kidogo ya kiwiko,
ukanidondokea mguuni kama umetumwa.
Nikapiga.

Nilikuwa na pumzi moja ya kunyoosha mkono.
Niliitumia kushangilia.

Pilau la mbuzi huyo, wanasema, lilikolea mdalasini.
Mimi sijui. Nilinawa kwa sabuni,
nikanawa tena,
na kila tonge likawa na mfupa.

Jumanne, mazoezi hayajaanza hata,
watu wanafunga kamba za viatu, Sikitu anasimulia ndoto,
nikanyoosha.
"Kuna nini? Mpira haujaguswa."
Wa Jumamosi, nikasema.
Chausiku akasema mbuzi kashaliwa, hatapikiki.
Mwingine alinisonya, msonyo mrefu wa kufika Magomeni.
Kocha alifungua daftari, akaandika tarehe,
akauliza:
"Nani anajua njia ya mkato ya Buguruni?"

Tulivuka daraja kwa miguu, kimya,
Sikitu kabeba ngozi ya mbuzi ndani ya kiroba,
maana ndiyo iliyobaki.
Nilisimama mbele yao. Maneno manne:
Niliunawa. Goli halikuwa goli.
Sauti ilikatika kwenye la tatu.

Walitazamana.
Tulingoja matusi; na sisi tulikuja na yetu ya akiba.
Asteria, nahodha wao, bonge la msichana,
aliangalia kandambili zake weee,
kisha mkono ukapanda, taratibu, kama ndoo ya kisimani.
"Ile penalti yetu. Nilijiangusha."

Hakuna aliyekumbatiana na mtu.
Ngozi ilibaki chini katikati yetu, inanuka,
nzi tu ndio walioonekana kujua la kufanya.

Sasa nauza simenti na misumari Tabata, duka la watu.
Mteja akinizidishia elfu kumi
bega hili huanza kuwasha kabla sijafikiri.
Siwadanganyi, si kila mara ninarudisha.
Ila linawasha.

Mwaka juzi mfadhili mmoja aliwaletea filimbi,
ya chuma, kamba nyekundu, inang'aa.
Kocha Siwajibu alishukuru sana,
akaipuliza mara moja, wapige picha,
akaitundika kwenye msumari wa mlangoni kwake.
Nilipita juzi kumjulia hali. Ipo.
Wajukuu wanafukuzia kuku.